Barua ya Uhamisho

Michezo ya shule za sekondari ikifika ngazi ya eneo la Nyanza na zamu ya kuiandaa ikiwa yetu, Kisumu hujaa mabasi ya manjano. Watoto wa miaka kumi na minne, kumi na mitano, wanashuka na magodoro yao, wanapokelewa na shule mwenyeji na kupangiwa madarasa ya kulala. Madawati yanasukumwa ukutani, nguo za mazoezi zinaanikwa madirishani. Usiku ukiingia, kuna mtu anayefunga mlango. Katika miaka yangu ya kuwatetea watoto mahakamani nimejifunza kuuliza swali moja kabla ya mengine yote kuhusu timu iliyosafiri: ufunguo wa darasa lile ulikuwa kwa nani?

Nauliza kwa sababu kocha wa shule ana mamlaka ambayo mwalimu wa hesabu hana. Mwalimu wa hesabu akimchukia mtoto, bado kuna mtihani wa taifa unaosahihishwa na mtu asiyemjua. Kocha ndiye mtihani, msahihishaji na mtoa matokeo. Yeye ndiye anayeandika orodha ya watakaopanda basi. Kwa mtoto wa Nyalenda au wa Mbita aliyeitwa katika shule kubwa kwa ajili ya mguu wake wa kushoto, orodha hiyo ndiyo karo yake. Jina likiondolewa, punguzo la karo linaondoka nalo, na safari ya kurudi nyumbani inaanza. Mtoto huyo akiguswa na kocha, anajua vizuri atakachopoteza akisema.

Lakini leo sitaki kuzungumza sana juu ya mkosaji. Sheria imekwisha kumzungumzia. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ana miaka 12 hadi 15, na kisichopungua 15 ikiwa ana 16 hadi 18. Kifungu cha 24 kinawataja waziwazi mwalimu mkuu, mwalimu na mfanyakazi wa shule anayetumia cheo chake kumpata mwanafunzi, pamoja na yeyote aliyewekwa katika nafasi ya kuaminiwa. Ninaotaka kuwazungumzia ni wale waliojua.

Ufichaji hauanzi kwa watu wabaya kukaa chumbani na kula njama. Ungekuwa hivyo, tungeukamata mapema. Huanza kwa uamuzi mdogo wenye sababu ya huruma. Mkuu wa shule anaambiwa na matroni kwamba kuna jambo kati ya kocha na msichana wa kidato cha pili. Anamwita kocha ofisini, kocha anakana. Mwenyekiti wa bodi anakumbusha kwamba fainali ni Jumamosi ijayo na wafadhili wa jezi watakuwepo. Mzazi anaitwa, anapewa pesa za hospitali na nauli ya kurudi kwake. Wazee wa ukoo wanakaa chini ya mti, wanasema msichana ana maisha mbele yake, asiharibiwe jina. Muhula unaisha. Kocha anapata kazi shule nyingine, ng'ambo ya pili ya ghuba, akiwa na barua nzuri ya mapendekezo yenye mhuri. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejiona anaficha kosa la jinai. Kila mmoja alidhani anamaliza tatizo.

Barua ile, ninayoiita barua ya uhamisho, ndiyo ufichaji wenyewe. Inalitoa tatizo katika shule yenye habari na kulipeleka katika shule isiyo na habari.

Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, ilitoa hukumu ambayo kila mjumbe wa bodi ya shule nchini alipaswa kusomewa. Wasichana wawili wa shule ya msingi katika Kaunti ya Nakuru walikuwa wamemshtaki mwalimu wao, Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na serikali. Katika kesi ya jinai, mwalimu huyo alikuwa ameachiliwa. TSC ikajitetea jinsi waajiri wengi hujitetea: kwamba alichofanya mwalimu hakikuwa sehemu ya kazi tuliyompa, basi ni chake peke yake. Kwa kawaida utetezi huo una nguvu. Dereva wa kampuni akimpiga jirani yake siku ya mapumziko, kampuni hailipi.

Jaji aliukataa. Mwalimu hakuwapata watoto hawa kwa bahati, barabarani. Aliwapata kwa sababu mwajiri alimpa darasa, cheo na haki ya kumwambia mtoto njoo hapa, naye mtoto akaja. Serikali na tume yake ndizo zilizowaambia wazazi kwamba mtoto wao yuko mikononi mwa mtu salama. Kwa hiyo madhara yaliyotokana na imani hiyo yanawahusu. Kuachiliwa katika kesi ya jinai nako hakukuwaokoa, maana kesi ya madai ina kipimo chake cha ushahidi, kilicho chini kuliko kile cha kumfunga mtu. Wasichana walipewa fidia, mmoja shilingi milioni 2 na mwenzake milioni 3. TSC ikakata rufaa, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikaiacha hukumu ile isimame.

Kwangu mimi, thamani ya hukumu hiyo inazidi zile milioni 5. Jaji aliieleza tume kwamba kutuma nyaraka hakutoshi, na kwamba haitoshi kuwazungusha wanyanyasaji kutoka shule hadi shule na kuja kuwafuta kazi mwishoni. Alitaka mfumo wa kuhakikisha kwamba mtu wa aina hiyo hapati kabisa nafasi ya kumfikia mtoto. Hapo barua ya uhamisho ilihukumiwa rasmi, katika mahakama yetu wenyewe.

Waraka aliokuwa akiuzungumzia ulikuwepo. Ni Waraka Namba 3 wa TSC wa mwaka 2010, uliotolewa mwaka uleule ambao serikali ilitangaza kwamba walimu zaidi ya 1,000 walikuwa wamefutwa kazi katika miaka miwili kwa kuwadhulumu wanafunzi kingono. Unamtaka mwalimu yeyote mwenye habari za dhuluma aripoti ndani ya saa 24, na unasema anayenyamaza au kujaribu kuficha naye atachukuliwa hatua. Saa ishirini na nne. Waraka haukusema baada ya mashindano, wala baada ya kikao cha wazee.

Na kikao hicho cha wazee, sheria haikitambui. Kesi ya unajisi ikishafika mahakamani, familia haina uwezo wa kuifuta kwa sababu imelipwa ng'ombe au pesa. Kifungu cha 40 cha sheria ile ya 2006 kimeuweka uamuzi huo mikononi mwa Mwanasheria Mkuu wa serikali, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kanuni ya Adhabu nayo inasema ni kosa kupokea malipo kwa makubaliano ya kuficha uhalifu mkubwa. Nimewahi kumweleza mzee mmoja jambo hili akanitazama kwa mshangao wa kweli. Alidhani amefanya suluhu.

Nje ya mipaka yetu kuna mfano ambao wanasheria wa michezo huurudia kwa sababu kila kitu kilikuja kuwekwa hadharani. Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, kilikuwa na kocha msaidizi wa kandanda ya Kimarekani aliyeitwa Jerry Sandusky. Mwaka 1998 mama mmoja alilalamika kuhusu mwanawe. Ukafanyika uchunguzi, hakushtakiwa. Alistaafu mwaka 1999, akaachiwa ofisi na ruhusa ya kutumia majengo ya michezo. Mwaka 2001 mfanyakazi wa timu alimkuta na mtoto bafuni. Habari zikapanda ngazi moja baada ya nyingine: kwa kocha mkuu Joe Paterno, kwa mkurugenzi wa michezo Tim Curley, kwa makamu wa rais Gary Schultz, hadi kwa rais wa chuo, Graham Spanier. Walikuwa wamefikiria kuripoti kwa idara ya watoto. Kisha wakabadili nia. Barua pepe zao zinaonyesha waliona ni ubinadamu zaidi kuzungumza naye kwanza, wamwambie asilete tena watoto chuoni.

Itazame adhabu hiyo. Asilete watoto hapa. Nao ulikuwa uhamisho, wenye maneno mengine.

Sandusky alikamatwa mwaka 2011, miaka kumi baadaye, na mwaka 2012 akapatikana na hatia katika makosa 45. Chuo kilitozwa faini ya dola milioni 60 na shirikisho la michezo ya vyuo, na kikalipa waathiriwa zaidi ya dola milioni 100. Fedha taasisi huzipata tena. Lililo zito zaidi kwa msomaji wangu ni hili: mwaka 2017 Curley na Schultz walikiri kosa la kuhatarisha ustawi wa watoto, Spanier akapatikana na hatia hiyohiyo, na wote watatu waliishia kulala jela. Hakuna kati yao aliyemgusa mtoto. Walifungwa kwa kujua na kutoripoti.

Turudi Kisumu, kando ya ziwa, kwa maana hapa kuna pengo ambalo hata hukumu ya 2015 haikuliziba. Hukumu ile ilimhusu mwalimu aliyesajiliwa. TSC ina rejista. Mwalimu akifutwa, jina lake huchapishwa, na shule nyingine inaweza kulitafuta. Sasa hesabu makocha unaowajua Kisumu. Wengi si walimu. Ni wachezaji wa zamani walioajiriwa na bodi ya shule kwa mkataba wa muhula, au vijana wa mtaa wanaojitolea kwa ajili ya chakula cha mchana na nauli. Hawamo katika rejista ya walimu. Shule ikimfukuza mmoja wao kimyakimya, hakuna kitabu ambacho shule inayofuata itakifungua ikaliona jina lake. Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 ilianzisha ofisi ya msajili, lakini usajili wake kwa sehemu kubwa ni wa vyama na vilabu.

Mtu atasema: tutamwomba cheti cha maadili mema kutoka polisi. Mwombeni, ni jambo jema. Ila cheti hicho hutoa kilichomo katika kumbukumbu za jinai. Kesi iliyomalizwa chini ya mti haimo. Kila mara tunapozika malalamiko, tunamwandikia kocha cheti safi kwa mikono yetu.

Watu wa ziwa hawahitaji mgeni kuwafundisha jinsi mamlaka ya namna hii yanavyofanya kazi. Tunayo jaboya. Mwanamke mchuuzi anakuja ufuoni alfajiri, samaki wako mikononi mwa mwenye mashua, na ili apate samaki anadaiwa mwili wake pamoja na pesa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wanawake wa ufuo wa Nduru, kule Nyakach, waliamua kupambana nayo. Hawakuanza kwa kuwahubiria wavuvi. Walitafuta mashua zao wenyewe. Mafuriko ya ziwa baadaye yaliwaumiza vibaya, lakini mawazo yao yalikuwa sahihi, na ndiyo ninayoyataka viwanjani: ondoa kile ambacho mtoto anakihitaji kutoka katika mkono wa mtu mmoja.

Orodha ya timu iandikwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wao asiwe kocha. Punguzo la karo la mchezaji lisimamiwe na ofisi ya shule, na mtoto aelezwe siku ya kwanza kwamba akiacha kucheza hatafukuzwa muhula huo. Timu ya wasichana isisafiri bila mwanamke mzima mwenye mamlaka ya kumpinga kocha, na ufunguo wa chumba chao uwe kwake. Shule inayoajiri kocha ipige simu shule alikotoka, iulize swali moja kwa maandishi, je, kulikuwa na malalamiko yoyote ya watoto, na shule inayoulizwa ijibu kwa maandishi. Swali hilo linaweza kuonekana dogo. Lakini likishajibiwa kwa uongo na mtoto mwingine akaumia, jibu lile ni kielelezo mahakamani, na aliyelitia sahihi hawezi tena kusema hakujua.

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amemwambia leo: usimwogeshe, usifue nguo alizovaa, mpeleke hospitali. Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wakongwe bado wanaiita Russia, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kingono. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi hazifai tena zikianzwa baada ya saa 72, na sheria imesema gharama ya matibabu hayo inabebwa na serikali. Fomu ya P3 inapatikana kituo cha polisi. Ukizungushwa, piga 116, nambari ya watoto, simu haina malipo na hupokelewa usiku na mchana.

Na kwako mwalimu mkuu, unayeyasoma haya huku matroni amesimama mlangoni pako na jambo ambalo hajui ataanzaje kulisema: mwache aseme, andika saa aliyokuambia, uripoti. Usiandike barua ya uhamisho. Saa 24 za waraka ule zimeanza kuhesabika sasa hivi, na zinahesabika kwa jina lako.