Servo Inapotetemeka, Anza na Mikrosekunde 1500

Vijana wengi wanaojifunza roboti huanza na mota ndogo ya buluu ya aina ya servo, SG90, iliyounganishwa na bodi ya Arduino Uno. Mkono wa roboti unasimama, lakini hautulii: unatetemeka na kunguruma hata pale ambapo hakuna anayeugusa. Wengi huilaumu mota na kununua nyingine. Mara nyingi mpya nayo hutetemeka vilevile.

Servo hupokea pigo moja la umeme kila baada ya milisekunde 20, na urefu wa pigo hilo ndio unaoiambia igeuke kiasi gani. Katika maktaba ya Servo ya Arduino, sifuri ni mikrosekunde 544 na digrii 180 ni mikrosekunde 2400. Ukigawanya, digrii moja ni takriban mikrosekunde 10. Pigo likirefuka kwa mikrosekunde 50 tu, mkono unaruka digrii 5, na jicho linaona.

Kabla ya kununua chochote, andika programu fupi yenye amri moja, writeMicroseconds(1500), na uchomoe kila kitu kingine. Mota ikitetemeka hata hapo, kagua umeme, nyaya na mota yenyewe. Ikitulia, ipe mzigo na uiamuru iende huku na huku kati ya sehemu mbili, maana upungufu wa umeme hujificha mota inapokuwa imepumzika. Ikipita na jaribio hilo, tatizo liko kwenye vile ulivyochomoa au kwenye programu yako.

Kwenye umeme ndiko ninakokutana na matatizo mengi zaidi. SG90 ikizuiwa isigeuke inaweza kuvuta zaidi ya nusu ampea, na fyuzi ya USB ya Uno imewekewa kikomo cha miliampea 500. Volti zinashuka kwa milisekunde chache kisha zinapanda, kwa hiyo multimita ya kawaida itakuonyesha 5 safi na kukupotosha. Ipe mota adapta yake ya volti 5, na uunganishe waya hasi wa adapta na hasi ya bodi. Bila hivyo pigo halina pa kupimiwa na mota itahangaika. Karibu na mota weka kapasita ya mikrofaradi 470, upande wenye mstari ukielekea hasi. Ukiigeuza inaweza kupasuka.

Ikiwa mtetemo unakuja pale tu unapotumia potenshiomita, tazama hesabu. Uno husoma volti 0 hadi 5 kwa namba 0 hadi 1023, na ukizigawa kwa digrii 180, kila digrii inapata namba zisizofika 6. Potenshiomita ikisimama mpakani mwa digrii mbili, namba moja ikipanda na kushuka inatosha kuirusha mota. Watu hukimbilia kutafuta wastani wa vipimo vingi, lakini wastani nao unaweza kuangukia mpakani. Mimi napendelea kuiagiza programu isitume amri mpya mpaka kipimo kitofautiane na kile cha mwisho kilichotumwa kwa namba 8 au zaidi.

Kuna kisa kimoja kinachowasumbua hata wazoefu: taa za rangi za WS2812 kwenye bodi hiyohiyo. Kila taa huchukua mikrosekunde 30 kupokea rangi yake, na kwenye Uno maktaba ya NeoPixel huzuia kazi nyingine zote zisikatize wakati huo. Maktaba ya Servo, ambayo hutegemea kukatiza ili imalize pigo, inabaki ikingoja. Taa 16 ni mikrosekunde 480, yaani mkono unaweza kuruka zaidi ya digrii 40. Hapa kapasita haisaidii. Kazi ya mapigo ikabidhi kwa bodi ya PCA9685, ambayo huyatengeneza yenyewe kwa mota hadi 16, kwa hatua za takriban mikrosekunde 5, bila kujali Uno inafanya nini. Mota zake bado zitahitaji adapta yao.