Aliomba Neno Moja: Kuisoma Romeo and Juliet kwa Jicho la Mzazi



Juma lililopita binti yangu alirejea kutoka shuleni na kitabu chembamba mkononi, tamthilia ya Romeo and Juliet ya Mwingereza William Shakespeare, akaniomba nimsaidie kuzieleza dhamira zake kuu. Nilidhani nazijua. Tangu usichana wangu nimeisikia hadithi hii ikitajwa kama onyo kwa mabinti: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tukakaa ukumbini baada ya sala ya Isha, siku nne mfululizo, yeye akisoma kwa sauti nami nikimfasiria. Tulipofika mwisho nilikuwa nimeshika tama. Onyo lipo, lakini sidhani kwamba wameandikiwa mabinti.

Kwa ndugu zangu wasiokijua kisa chenyewe, ni hiki. Katika mji wa Verona, Italia, koo mbili za matajiri, Montague na Capulet, zina uhasama wa tangu zamani. Romeo, kijana wa Montague, anaingia katika karamu ya Capulet akiwa amefunika uso, anamwona Juliet, na usiku uo huo wanaahidiana ndoa. Kesho yake mtawa mmoja, Padri Laurence, anawaoza kwa siri. Muda si muda Romeo anajikuta katika ugomvi wa barabarani, anamwua Tybalt, binamu yake Juliet, na mtawala wa mji anamfukuza. Wazazi wa Juliet, wasiojua kwamba binti yao sasa ni mke wa mtu, wanamwandalia arusi na bwana mwingine aitwaye Paris. Juliet anakunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Habari za hila hiyo hazimfikii mumewe. Romeo anakuja kaburini na kunywa sumu. Juliet anazinduka, anamwona, anajichoma kisu. Tangu ugomvi wa kwanza, asubuhi ya Jumapili, mpaka mauti hayo, juma moja halijatimia.

Jambo lililonishangaza mwanzo ni kwamba katika tamthilia nzima hakuna anayeeleza uhasama ule ulianzia wapi. Watumishi wanatukanana njiani kwa sababu mabwana zao hawapatani, na mabwana, wazee wenye mvi, wanaagiza panga zao kwa sababu watumishi wamepigana. Sisi wa Mvita hatuna haki ya kucheka. Mji wetu una Tisa Taifa na Thalatha Taifa, na bibi zetu walishuhudia jinsi Ibinaal Watan na Banu Saada walivyoshindana kwa lelemama, kwa mavazi na kwa nyimbo za mafumbo. Mashindano hayo yalikuwa na utamu wake. Lakini ni nani kati yetu hajapata kukaa katika kikao cha posa, likatajwa jina la ukoo fulani, kikao kizima kikanyamaza, kisha mtu mmoja akasema, “Wale hatuoani nao”? Ukiuliza sababu, aliyekuwa akiijua keshafariki.

Kisha kuna umri wake. Juliet hajatimiza miaka 14. Kwa sheria ya nchi yetu, ambayo tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 imeweka miaka 18 kuwa ndio mwanzo wa umri wa kuoa na kuolewa, shauri lake lingeletwa hapa hapa kwetu, katika Mahakama ya Watoto ya Tononoka. Mimi hupita karibu na mahakama hiyo mara nyingi nikienda sokoni, na tangu tukisome kitabu hiki siwezi kupita bila kumkumbuka.

Umri huo Shakespeare aliuchagua kwa makusudi. Kisa hiki hakukibuni yeye. Alikitoa katika utenzi mrefu wa Arthur Brooke uliochapishwa London mwaka 1562. Katika utenzi wa Brooke msichana ana miaka 16, na mambo yanachukua miezi kadhaa. Tena Brooke, katika dibaji yake, anawalaumu wapenzi waziwazi kwa kuyapuuza mashauri ya wazazi wao. Hilo ndilo onyo nililolelewa nalo. Shakespeare, yapata miaka 30 baadaye, aliiacha lawama hiyo. Alimpunguzia msichana miaka, akaibana miezi ikawa siku, na nafasi iliyobaki akawapa watu wazima waseme na kutenda mbele ya macho yetu.

Mtazameni baba. Siku ya Jumapili Paris anakuja kuposa, na Capulet anajibu kama mzazi wa kupigiwa mfano: mtoto bado mdogo, subiri miaka miwili, na hata hapo mpate kwanza moyo wake, kwa maana ridhaa yangu peke yake haitoshi. Nilipofika hapo nilimwambia binti yangu, “Huyu mzee ana busara.” Jumatatu usiku, nyumba ikiwa na msiba wa Tybalt, mzee yule yule anamwahidi Paris arusi ya Alhamisi bila kumwuliza mtoto neno. Jumanne asubuhi Juliet anakataa. Anapiga magoti, anamwomba baba yake amsikilize kwa subira aseme neno moja tu. Baba anamtukana, anasema vidole vyake vinamwasha, anaapa kwamba asipokwenda kanisani atamwacha afe njaa barabarani. Jioni, mtoto anapojifanya ametii, baba anafurahi hadi kuirudisha arusi nyuma, iwe Jumatano. Siku moja hiyo aliyoipunguza ndiyo iliyoharibu hesabu yote.

Hapa sikuweza kujizuia kumhadithia binti yangu kisa cha Barira, ambacho wengi wetu tumekisikia darasani. Mumewe Mughith alikuwa akimfuata katika njia za Madina huku machozi yakimtiririka ndevuni. Mtume (S.A.W.) alimwonea huruma akazungumza na Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni shufaa tu. Akasema basi hana haja naye. Na mambo yakaishia hapo. Hakutukanwa wala hakutishwa, na aliyekuwa akimwombea alikuwa mbora wa viumbe. Yuko pia Khansa, aliyeozwa na baba yake ilhali hataki, na Mtume akaitangua ndoa hiyo. Wazazi tunaosema kwamba binti hana kauli mbele ya walii wake tunaisoma nusu ya mafundisho.

Mama yake Juliet ananihuzunisha kuliko baba. Anapotaka kuzungumza na binti yake habari za ndoa, anamwamuru yaya atoke ili wabaki faragha. Kabla hajasema lolote anamwita arudi. Hawezi kukaa peke yake na mwanawe. Huku kwetu, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimwita binti yake Mwana Hashima akamtungia utenzi mzima wa nasaha za maisha. Mtu anaweza leo kubishana na baadhi ya nasaha hizo, na mabinti zetu wanabishana nazo, lakini mama yule alimketisha mwanawe karibu na kitanda chake akasema naye. Juliet alipolilia kwa mama yake aicheleweshe arusi hata juma moja, mama alimjibu kwamba hana la kusema, akatoka.

Akabaki yaya. Wasomaji wa kitabu hiki huko kwao humwona yaya kama mtumishi mchekeshaji, na kweli anachekesha. Lakini msomaji wa Kiislamu ataona jambo jingine mara moja: yaya huyu ndiye aliyemnyonyesha Juliet, baada ya mwanawe Susan kufariki. Kwetu sisi huyo ni mama, mama wa kunyonya. Ndiye somo wake pia, mshika siri, aliyepeleka salamu kwa Romeo na kuleta ngazi ya kamba. Sasa Juliet anamgeukia, naye anamshauri aolewe na Paris, kwa kuwa Romeo ni kama maiti. Yaani ndoa juu ya ndoa! Binti yangu aliweka kitabu chini. Katika kurasa zote zile, mlango huu ndio uliofungwa kwa kishindo kidogo kuliko yote, na ndio uliomwacha mtoto peke yake kabisa.

Padri Laurence alikuwa na nia njema. Alitumaini kwamba ndoa ile ingezipatanisha koo mbili. Ndoa za siri, zisizo na walii wala za kutangazwa, tunazijua hapa mjini, na mara nyingi anayezifungisha naye hujiona anasitiri. Kazi ya upatanishi iliyowashinda wazee, akawatwika watoto wawili. Sisemi watoto hawana kosa. Romeo asubuhi ya Jumapili alikuwa akimlilia msichana mwingine, Rosaline, na usiku akawa na Juliet. Haraka yake inatisha. Lakini baba yake aliona kijana anajifungia chumbani na kuziba madirisha mchana, akamwuliza akashindwa, akamwachia mpwawe kazi ya kupeleleza.

Wengi husema ni bahati mbaya, kwa sababu barua ya padri haikumfikia Romeo. Mjumbe alifungiwa ndani ya nyumba iliyoshukiwa kuwa na tauni. Jirani zetu wa Mji wa Kale hawahitaji kuelezwa: Mei 2020, wakati wa Korona, mtaa wao ulipofungwa, hapakuwa na kuingia wala kutoka. Kadari tunaiamini. Lakini barua ile ilihitajika kwa sababu mke na mume walikuwa wamefichwa, na walifichwa kwa sababu hapakuwa na mtu mzima katika nyumba mbili zile aliyeweza kuambiwa ukweli.

Mwisho wa kitabu wazee wanakutana makaburini. Mama yake Romeo naye amekufa kwa huzuni usiku ule. Montague anaahidi kumsimamishia Juliet sanamu ya dhahabu tupu, na Capulet papo hapo anajibu kwamba ya Romeo itakuwa ya thamani ile ile kando ya mkewe. Binti yangu akaniuliza kama bado wanashindana. Nikamwambia naona hivyo.