BUNDUKI KUUKUU ZA ULAYA ZILIVYOFIKA UJIJI

Zamani za misafara, Ujiji ulikuwa mji wa biashara kubwa kando ya Ziwa Tanganyika. Katika mizigo iliyotoka Bagamoyo na kupita Tabora, bunduki zilikuwamo pamoja na nguo na ushanga. Nyingi hazikuwa mpya, bali silaha zilizokwisha tumika katika majeshi ya Ulaya. Twataka kueleza zilikujaje, na jinsi mtu mwenye mali kidogo alivyochagua iliyo njema. Maana katika habari hii limo onyo kwetu sisi wa leo.

Mwaka 1866 jeshi la Prussia liliwashinda Waaustria, likitumia bunduki zinazotiwa risasi kwa nyuma. Tangu hapo kila dola ilitaka silaha za namna hiyo, na magobori ya kushindiliwa kwa mdeki yakawa hayana kazi. Mwaka 1886 Wafaransa walipata bunduki ya Lebel, yenye kupiga risasi nyingi mfululizo na baruti isiyo moshi. Basi zile za kati nazo zikawa kuukuu. Wafanya biashara walizinunua kwa bei ndogo, wakazileta Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko alitoa habari kuwa bunduki 80,000 hadi 100,000 hupita kila mwaka kuingia Bara.

Mnunuzi mwenye akili hakutazama upya tu. Kwanza aliuliza chakula cha bunduki. Ile ya kutiwa kwa nyuma ilitaka risasi zake maalum kutoka pwani, safari ya miezi mitatu au zaidi. Zikiisha, bunduki ilikuwa fimbo tu. Gumegume ilitaka baruti, jiwe la kutoa cheche, na kipande cha chuma au shaba ambacho mhunzi aliweza kukifanya risasi. Pili alitazama kasiba, kama haina ufa wala kutu ndani, kwa kuwa kasiba mbovu hupasuka mikononi mwa mwenyewe. Tatu alijaribu mtambo, kama unashika na kuachia sawasawa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi mapatano ya Brussels, yakazuia silaha bora zisiingie sehemu hizi za Afrika. Gumegume tu ziliachiwa nafasi, kwa masharti. Hata hivyo, serikali zenyewe zilitumia silaha za zamani ili kupunguza gharama. Jeshi la Wadachi katika nchi hii lilianzishwa mwaka 1891, na vita vilipoanza mwaka 1914 kombania zake nyingi zilikuwa bado zina bunduki za Mauser za mwaka 1871. Zilikuwa imara, lakini moshi wake ulimwonyesha adui mahali askari alipolala. Fedha iliyookolewa na wakubwa ililipwa kwa damu ya askari.

Ndivyo ilivyokuwa pande za ziwa pia. Bunduki iliyokuwa takataka Ulaya ililipwa hapa kwa pembe za ndovu, na mara nyingi pembe hizo zilichukuliwa mabegani mwa watu waliotekwa kwa bunduki zile zile. Vijiji vilivunjwa, mashamba yakarudi kuwa mwitu. Basi tusiseme kwamba zilikuwa rahisi.

Leo, kwa sheria ya mwaka 2015, hapana ruhusa kuweka silaha nyumbani bila kibali, wala haitoshi kusema ni urithi wa babu. Mtu akikuta gobori darini au shimoni, asivute mtambo wala asilitie motoni, maana huenda limeshindiliwa tangu zamani. Aliache hapo hapo, awazuie watoto, akatoe habari kituo cha polisi. Mwenye kupenda mambo ya kale na aandike habari zake kwa wazee wangali hai. Hizo hazina kutu, wala hazimpasukii mtu mikononi.