Je, Wajua? Shairi la Baudelaire Lina Undugu na Pindu

Je, wajua kwamba mwanafunzi wa kidato cha nne pale Kambi Muru, Kibera, anayejiandaa kwa swali la ushairi katika karatasi ya Fasihi ya KCSE, tayari anazo zana za kuchambua shairi la mapenzi la Kifaransa? Mpe "Harmonie du soir" la Charles Baudelaire, lililomo katika diwani yake ya mwaka 1857, Les Fleurs du mal.

Aanze na mizani. Mshororo wa tarbia ya kawaida una mizani 16: ukwapi 8, utao 8. Aleksandrini ya Wafaransa, aina ya mshororo uliomo katika shairi hilo, ina 12, na kwa desturi hukatwa 6 kwa 6. Pande zote mbili huhesabu silabi tu, mkazo hauingii katika hesabu. Mtego uko kwenye vitu vidogo. Kwetu "mtu" ni mizani 2, maana m hiyo inajitegemea. "Ndege" nayo ni 2 tu. Kwao ni e ya mwisho wa neno: ikifuatwa na konsonanti huhesabiwa, ikifuatwa na irabu humezwa. Mshairi wetu akibanwa ana inkisari, "ninakupenda" ya mizani 5 ikawa "nakupenda" ya 4.

Kwenye vina sisi ni wakali zaidi. "Pata" na "kaka" havifanyi kina, ingawa vyote huishia kwa a. Kifaransa hukubali hata irabu pekee, japo kina cha namna hiyo huitwa maskini.

Utamu wenyewe umo katika marudio. Aliyekulia Kibera akisikia nyimbo za doluka kwenye harusi za Wanubi anajua nguvu ya maneno yanayorudi. Shairi la Baudelaire lina mishororo 16, lakini iliyotungwa ni 10 tu: mshororo wa pili na wa nne wa kila ubeti huwa wa kwanza na wa tatu wa ubeti unaofuata. Ni kama pindu yetu, ambayo mwisho wa ubeti huanzisha mwingine. Tena mtindo huo asili yake ni pantun ya Wamalei, watu wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi hii hii. Mshairi Victor Hugo aliweka tafsiri ya pantun katika diwani yake Les Orientales, mwaka 1829.

Mpenzi mwenyewe huitwa "wewe" mara moja tu, katika mshororo wa mwisho kabisa. Na kwa kuwa hakuna ubeti wa tano, huo haurudiwi.