Mkopo wa siku saba uliofika mpaka kwa mwalimu wa mtoto

Jirani yangu alijua mambo yameharibika siku mwalimu wa darasa la tatu alipompigia simu na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kuna usalama kweli?" Mwalimu alikuwa amepokea ujumbe kutoka namba asiyoijua. Ulikuwa na picha ya jirani yangu, jina lake kamili, na maneno kwamba ni tapeli aliyekimbia na fedha za watu na mwalimu ndiye mdhamini wake. Ujumbe huohuo ulikuwa umeshawafikia mama mkwe wake, fundi bomba na muuza mkaa.

Deni lilianza Januari, mwezi ambao kila mzazi anaujua. Sare na michango ya shule vilimzidi, akaona tangazo kwenye simu: mkopo ndani ya dakika tano, bila dhamana. Akaomba shilingi 100,000. Zikaingia 70,000. Nyingine zilikatwa hapohapo, wakaziita ada ya huduma. Baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 100,000 kamili.

Siku ya saba hakuwa nazo. Ndipo programu ikamletea njia nyingine: lipa 30,000, uongezewe wiki moja. Akalipa. Wiki iliyofuata akalipa tena. Kufikia mara ya nne alikuwa ametoa 120,000, na deni lilikuwa palepale, 100,000. Hapa wengi tunakosea. Tunadhani tunapunguza deni kidogo kidogo, kumbe tunanunua siku.

Kwa kulinganisha, Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni. Kwa shilingi 70,000, hiyo ni 2,450 kwa mwezi mzima.

Nilimuuliza kwa nini hakuacha mapema. Jibu lake lilikuwa fupi: mume wake hakuwa anajua. Ili asijue, alikopa kwenye programu nyingine mbili kulipia ile ya kwanza. Wakopeshaji hawa wanaposema hawataki dhamana, wanajua wanachofanya. Wakati wa kujisajili programu huomba ruhusa ya kuona namba zote zilizohifadhiwa kwenye simu, na wengi wetu tunabonyeza "kubali" bila kusoma. Dhamana yao ni aibu yako mbele ya watu unaowaheshimu.

Kilichomsaidia kwanza hakikuwa fedha. Alikaa na mumewe usiku mmoja akamwonyesha kila kitu (palikuwa na ukimya mrefu, anasema, lakini hapakuwa na ugomvi aliouogopa). Kisha akaandika ujumbe mfupi kwa ndugu, mwalimu na kundi la wazazi: namba yangu imetumiwa na wakopeshaji wa mtandaoni, mkipokea matusi msijibu, msilipe, nitunzieni huo ujumbe. Vitisho vikapungua nguvu, kwa sababu watu walikuwa wameshaambiwa na mwenyewe.

Baada ya hapo aliacha kulipa ada ya kuongeza siku. Akatunza picha za skrini za makato, miamala na vitisho vyote, kisha akaondoa ruhusa za programu kwenye mipangilio ya simu. Ukianza kwa kuifuta programu unaweza kupoteza kumbukumbu za mkopo, na namba walizochukua wanabaki nazo vilevile.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa, tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu, maana jina la programu peke yake halitoshi. Duka la programu la Google nalo haliruhusu mikopo binafsi inayotakiwa kulipwa yote ndani ya siku 60, wala programu za mikopo kusoma namba za watu wako. Ukiona mkopo wa siku saba, au ukitumiwa kiungo cha kupakua programu nje ya duka, hiyo peke yake inatosha kukutia shaka.

Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tume yake inapokea malalamiko. Hata mwalimu anaweza kulalamika, maana namba iliyotumika ni yake. Na hakuna mtu anayekuwa mdhamini bila kukubali mwenyewe. Matusi na vitisho peleka polisi.

Fedha uliyopokea hata hivyo usijifanye hukuipokea. Dai maelezo ya maandishi ya kiasi ulichopokea na ulicholipa, na upate ushauri kwenye kituo cha msaada wa kisheria kabla ya kutuma shilingi nyingine. Wanaotishia kukufunga kesho asubuhi wanacheza na hofu yako. Deni la mkopo ni suala la madai, na njia yake ni mahakama.

Simu ziliendelea kwa siku kadhaa, kisha zikakoma. Jirani yangu alipokwenda kumwomba radhi muuza mkaa, yule baba alicheka kidogo, akatoa simu yake mfukoni na kumwonyesha programu ileile.