Semina inayomrudisha mwalimu kwenye dawati

Muulize mwalimu kuhusu semina, kuna uwezekano mkubwa akakutajia mambo matatu: slaidi, chai ya saa nne na cheti. Mada ni "ufundishaji shirikishi", halafu mwezeshaji anaongea peke yake mpaka jioni. Sasa, kuna taasisi zilizoamua kufanya kinyume kabisa, na wala si vyuo vya ualimu. Ni makumbusho.

Mfano mzuri ni Exploratorium, makumbusho ya sayansi yaliyoko San Francisco, Marekani. Yalianzishwa mwaka 1969 na Frank Oppenheimer, mwanafizikia aliyeshiriki mradi wa bomu la atomiki pamoja na kaka yake, Robert. Mwaka 1949 Frank alipoteza kazi ya chuo kikuu kwa sababu za kisiasa. Akaenda Colorado kufuga ng'ombe, baadaye akafundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo huko. Aliwapeleka wanafunzi wake mpaka jalalani kutafuta vifaa vya kujifunzia. Ndiyo maana katika makumbusho yake vitu haviangaliwi tu: unagusa, unavuta, unazungusha.

Tangu mwaka 1984 makumbusho hayo yana kitengo maalumu cha walimu wa sayansi na hisabati. Kanuni yake ni rahisi: kabla ya kujadili jinsi ya kufundisha jambo, mwalimu alifanye kwanza kama mwanafunzi. Ashangae, abahatishe, abishane na mwenzake.

Hebu jaribu zoezi moja wanalolitumia. Kwenye karatasi chora msalaba mdogo upande wa kulia na nukta nene upande wa kushoto, ziachane sentimita 8 hivi. Funga jicho la kulia. Kwa jicho la kushoto tazama msalaba tu, huku ukiisogeza karatasi taratibu kutoka umbali wa mkono ulionyooka. Ikifika karibu sentimita 30, nukta inatoweka!

Sababu ni kwamba nyuma ya jicho kuna sehemu ambapo neva hutoka kuelekea kwenye ubongo, na hapo hakuna seli za kupokea mwanga. Picha ya nukta ikiangukia hapo, huioni. Sasa chora mstari mnyoofu unaopita kwenye msalaba na nukta, kisha rudia. Nukta itatoweka, lakini mstari utauona umeunganika. Yaani ubongo umejaza pengo wenyewe.

Mwalimu aliyesoma hayo kitabuni atawapa wanafunzi maana ya kuandika kwenye daftari. Aliyeyafanya mwenyewe anajua swali litakalofuata: "Mbona siku zote hatuoni tundu?" Anajua pia kwamba asiwahi kulijibu. Awaache kwanza wafungue macho yote mawili, wagundue kuwa jicho moja huona kile ambacho la pili limekikosa.

Walimu hao walikumbana na tatizo moja: mitambo ya makumbusho ni mikubwa, haiingii darasani. Tayari kulikuwa na "kitabu cha mapishi" cha kuyasaidia makumbusho mengine kuunda mitambo hiyo. Walimu wakabuni matoleo madogo ya bei nafuu, wakayaita "vitafunwa", na mwaka 1991 yakachapishwa kuwa kitabu. Hapo mwalimu si mpokeaji tu wa semina, ni mbunifu.

Kwetu hili lina uzito wake. Darasa lenye wanafunzi 80 na shule isiyo na maabara havibadiliki kwa cheti, lakini zoezi la karatasi na kalamu linawezekana kesho asubuhi. Kwa hiyo ukialikwa kuandaa semina ya walimu, iwe makumbusho au chuoni, anza na swali hili: watafanya nini kwa mikono yao wenyewe? Kama jibu ni "watasikiliza", basi wakirudi shuleni nao watawaambia wanafunzi wasikilize.