Hasara ya Mirihi: Filamu ya John Carter Yatazamwa Upya

Tarehe 19 Machi 2012, siku kumi tu baada ya filamu ya John Carter kuanza kuonyeshwa katika majumba ya sinema ya Marekani, kampuni ya Disney iliwatangazia wanahisa wake kwamba ilitarajia kupata hasara ya takriban dola milioni 200 kutokana na filamu hiyo moja. Tangazo hilo lilikuwa la kihesabu, lakini lilipokewa kama hukumu ya kisanaa, na tangu hapo jina la filamu likawa mfano unaotajwa kila panapozungumzwa ubadhirifu wa Hollywood, mara nyingi na watu ambao hawakuwahi kuitazama. Hukumu iliyotolewa kwa haraka kiasi hicho inastahili kurejewa, kwa kuwa filamu yenyewe ina kasoro kubwa, lakini kasoro hizo hazihusiani sana na zile dola milioni 200.

Filamu hii ni ya bunilizi ya kisayansi, yaani utanzu wa masimulizi unaochukua dhana za sayansi, kama vile safari za sayari nyingine, na kuzifanya msingi wa kisa. Chanzo chake ni hadithi ya Edgar Rice Burroughs, Mmarekani wa Chicago, ambayo ilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la The All-Story mwezi Februari 1912 na ikatoka kama kitabu mwaka 1917 kwa jina la A Princess of Mars. Burroughs anafahamika zaidi kwa kumbuni Tarzan, aliyetokea katika jarida hilo hilo mwaka ule ule wa 1912, na wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya kumkumbuka kwa tabasamu, kwa maana mtu huyu aliyeandika vitabu vingi juu ya misitu ya Afrika hakuwahi kukanyaga bara hili, na katika toleo la kwanza la Tarzan aliweka humo hata simba-milia, mpaka wasomaji wakamsahihisha. Juu ya Mirihi, hata hivyo, hapakuwa na wa kumsahihisha. Percival Lowell, mwanafalaki Mmarekani, alikuwa ameandika kwa uhakika mkubwa kwamba mistari aliyoiona kwa darubini juu ya sayari hiyo ilikuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili waliokuwa wakipambana na ukame, na Burroughs aliichukua dhana hiyo ya dunia inayokauka akaijaza falme, meli za angani na majitu ya kijani yenye mikono minne.

Katika dunia hiyo, ambayo wenyeji wake huiita Barsoom, anatupwa John Carter, askari mstaafu kutoka Virginia, ambaye anagundua kwamba anaweza kuruka juu kupita kiasi, kwa sababu nguvu ya uvutano ya Mirihi, yaani ile inayovuta vitu kuelekea ardhini, inazidi kidogo tu theluthi moja ya ile ya Dunia. Anatekwa na majitu ya kijani yaitwayo Watharki, anakutana na Dejah Thoris, binti mfalme wa mji wa Helium, na anajikuta ndani ya vita visivyomhusu. Msomaji wa leo ataona kwamba amekwisha kukutana na mambo haya mahali pengine, na hilo ndilo lililoiponza filamu. George Lucas, aliyeanzisha Star Wars mwaka 1977, na James Cameron, aliyetoa Avatar mwaka 2009, wote wamekiri kwamba wana deni kwa Burroughs. Kazi iliyokuwa mama wa utanzu ilifika kwenye sinema ikiwa imechelewa kwa miaka mia moja, na watazamaji wakaidhania kuwa inawaiga watoto wake.

Kuchelewa huko hakukutokana na kukosa wa kuithamini. Katika miaka ya 1930, Bob Clampett, mchoraji wa vibonzo, alishirikiana na mtoto wa Burroughs kutengeneza vipande vya majaribio vya filamu ya katuni, lakini mradi ulikufa baada ya wenye majumba ya sinema ya miji midogo kutilia shaka kama wateja wao wangemkubali mtu anayeruka huko Mirihi. Disney yenyewe ilijaribu katika miaka ya 1980 ikashindwa, kisha studio ya Paramount ikawapitisha waongozaji watatu katika miaka ya 2000, mpaka haki zikarudi Disney mwaka 2007 na kazi akakabidhiwa Andrew Stanton.

Uteuzi wa Stanton ndio ufunguo wa kuelewa gharama. Alikuwa ameongoza Finding Nemo ya mwaka 2003 na WALL-E ya mwaka 2008, zote za katuni za kompyuta kutoka studio ya Pixar, na hakuwa amewahi kuongoza filamu ya waigizaji halisi. Utaratibu wa Pixar ni wa kutengeneza filamu nzima kwa michoro ya awali, kuitazama, kuivunja na kuijenga tena mara kadhaa kabla ya kuingia gharama kubwa, na kwa katuni utaratibu huo ni wa busara. Lakini filamu ya waigizaji halisi, iliyopigwa London na katika majangwa ya Utah, haivunjwi kwa kufuta mchoro, kwa sababu kila marekebisho yanadai waigizaji, mafundi, mavazi na majengo yarudishwe mahali pake. Watharki nao hawakuwa rahisi. Waigizaji kama Willem Dafoe na Samantha Morton walivaa milonjo jangwani ili wafikie kimo cha majitu, huku kamera ndogo zikinasa nyuso zao, kisha mafundi wa kompyuta wakayajenga maumbile ya kijani juu ya mienendo yao. Matokeo yake ni mazuri kweli, kwani Tars Tarkas wa Dafoe ana uchovu na ucheshi ambao viumbe wa kompyuta hawana mara nyingi, lakini nyaraka za hesabu zilizowasilishwa Uingereza baadaye zilionyesha kwamba gharama ilizidi dola milioni 260 hata baada ya kuondoa nafuu ya kodi.

Hapo hesabu yenyewe inaanza kueleza mambo. Filamu ilikusanya viingilio vya takriban dola milioni 284 duniani kote, kiasi ambacho mtu asiyejua biashara hii angedhani kimezidi gharama, lakini wenye majumba ya sinema hubaki na karibu nusu ya fedha za mlangoni, na gharama ya matangazo, iliyokadiriwa kufikia dola milioni 100, huhesabiwa kando. Ili filamu irudishe fedha zake kwa viingilio pekee, ingelazimu ikusanye zaidi ya dola milioni 700, ilhali WALL-E, iliyopendwa na wakubwa kwa wadogo, ilikusanya zaidi kidogo ya milioni 500. Kwa maneno mengine, hasara ilikuwa imekwisha kuandikwa siku bajeti ilipoidhinishwa, na aliyeidhinisha mradi, Dick Cook, alikuwa ameondoka katika uongozi wa studio ya Disney tangu mwaka 2009. Mrithi wake, Rich Ross, alijiuzulu tarehe 20 Aprili 2012.

Watetezi wa filamu hupenda kuelekeza lawama zote kwa matangazo, na hawakosi hoja. Jina la awali lilikuwa John Carter of Mars, lakini neno la Mirihi likaondolewa, wakati ambapo Disney ilikuwa na jeraha bichi la Mars Needs Moms, filamu ya katuni iliyoanguka vibaya mwaka 2011. Likabaki jina ambalo lingeweza kuwa la wakili au la mchezaji wa kriketi. Vionjo, yaani vipande vifupi vya kuvutia watazamaji, havikuweka mbele kwamba hiki ndicho kisa kilichozaa visa vingine, wala kwamba mwongozaji ndiye yule wa Finding Nemo, na mtu aliyeviona bila kukijua kitabu aliona jangwa, mtu anayeruka na nyani weupe wakubwa. Wiki mbili baada ya John Carter kuanza kuonyeshwa ikaingia filamu ya The Hunger Games, ikavuna zaidi ya dola milioni 150 Marekani kwa siku tatu za kwanza, ilhali John Carter ilikuwa imepata milioni 30 katika muda kama huo. Inafaa kutambua pia kwamba karibu robo tatu ya mapato ya John Carter ilitoka nje ya Marekani. Hata hivyo, hoja ya matangazo isikuzwe kupita kiasi, kwa kuwa tangazo zuri lingepunguza hasara bila kuifuta.

Kasoro ya kisanaa iko mwanzoni. Filamu inafunguliwa na msimulizi anayeeleza vita vya Mirihi kati ya Helium na Zodanga, jambo ambalo mtazamaji hana namna ya kulijali bado, kisha inahamia New York ya mwaka 1881, ambako kijana aitwaye Edgar Rice Burroughs anaitwa kwa sababu mjomba wake Carter amefariki, kisha inarudi Arizona ya mwaka 1868. Hiyo ni milango mitatu kabla ya kuingia nyumbani. Isitoshe, waandishi, akiwemo mwanariwaya Michael Chabon, waliingiza mapema Watherni, kundi lililomo katika kitabu cha pili cha Burroughs, wakawageuza kuwa watu wasiokufa wanaoendesha vita vya sayari mbalimbali kwa faida yao. Dhana hiyo ina uzito wa kisiasa, lakini inadai maelezo, na maelezo yanaifanya safari iwe nzito pale ilipopaswa kuwa nyepesi.

Kinyume chake, yapo mambo ambayo filamu inayafanya vizuri kuliko kitabu. Dejah Thoris wa mwaka 1912 ni mrembo wa kutekwa na kuokolewa, ilhali yule aliyeigizwa na Lynn Collins ni mwanasayansi mwenye utafiti wake, mpiga upanga, na mtu anayetakiwa kuolewa na mtawala wa Zodanga ili mji wake usiangamizwe. Ndiye mwenye jambo la kupoteza, na anapokuwa mbele ya kamera filamu inapata mwelekeo. Kilele kinakuja pale Carter anapobaki nyuma peke yake kulizuia jeshi zima la Wawahuni, kabila lingine la majitu ya kijani, ili wenzake watoroke. Badala ya kuonyesha pambano hilo kwa majivuno ya kawaida, Stanton analichanganya na kumbukumbu ya Carter akiwazika mkewe na mtoto wao kando ya nyumba iliyoteketea, mapigo ya upanga yakifuatana na mapigo ya koleo, huku muziki wa Michael Giacchino ukizifunika kelele za vita. Mtazamaji anaelewa bila kuambiwa ni kwa nini mtu huyu alikataa kupigana kwa ajili ya yeyote na ni kwa nini sasa amekubali. Filamu chache za aina hii, zikiwemo zilizotajirika, zina dakika mbili zinazofanya kazi kubwa namna hiyo.

Linabaki suala la shujaa mwenyewe. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Carter alipigana upande wa majimbo ya Kusini, yaliyojitenga ili kulinda utumwa, na Burroughs alilitaja jambo hilo kama sifa. Filamu inamfanya mtu aliyechoshwa na vita vyote, lakini hailigusi suala la utumwa wenyewe, na ukimya huo ni udhaifu ambao wahakiki wa siku zile waliupita haraka wakikimbilia kuhesabu dola.

Tarehe 30 Oktoba 2012 Disney ilitangaza kuinunua Lucasfilm, yenye Star Wars, kwa takriban dola bilioni 4, na mwaka 2014 haki za Barsoom zikarejea kwa kampuni ya warithi wa Burroughs. Sehemu ya pili ambayo Stanton alikusudia kuitengeneza haikutengenezwa. Atakayeitafuta John Carter leo anashauriwa aivumilie sehemu ya mwanzo mpaka Carter anapozinduka juu ya mchanga wa Mirihi na kushindwa kutembea. Na asiiruke sehemu ya New York, maana mwisho wa filamu, ambao ni wa werevu kuliko mwanzo wake, hautaeleweka bila hiyo.